Shoto na Meno ya Mwanawe

Mkwe wangu wanamwita Shoto kwa sababu anaponda kokoto kwa mkono wa kushoto. Ukitaka kujua uzito wa mkono huo, kamuulize mwenye duka la njia panda, yule aliyempiga mjukuu wangu kofi mbele ya watu. Mtoto alikuwa amesimama kwenye mizani yake anazungusha kisahani, anakitazama kinavyozunguka, hana ugomvi na mtu. Mwenye duka akasema, "Toka hapa, kichaa we." Mtoto hakugeuka. Mwenye duka akamtandika kofi la sikio. Mtoto akamrukia akamng'ata tumboni. Yule bwana akampiga la pili, na la tatu.

Shoto alikuwa nje anachagua sabuni. Hakupiga kelele wala hakuuliza kuna nini. Aliingia, akamshika yule bwana ukosi, akamshindilia ngumi moja ya mdomo. Jino likatumbukia kwenye gunia la sukari.

Mimi nilikuwepo. Nikamwambia yule bwana, "Litafute hilo jino kabla hujampimia mtu."

Huyo ndiye Shoto. Aliolewa na mwanangu. Mwanangu mwenyewe aliaga kwamba anakwenda kusaga unga, na mpaka leo unga haujasagika. Tukabaki watatu katika chumba kimoja: mimi, Shoto, na mtoto wao wa kike aliyekuwa na miaka saba. Huyo mtoto nilimpa jina mimi, nikamwita Kibiriti. Ukimkwaruza tu, anawaka.

Watu walidhani ana kiburi. Ukimwita hageuki. Ukimuuliza, "Unataka maji?" naye anajibu, "Unataka maji," basi, imekwisha. Macho yake hayakai usoni mwa mtu. Lakini mpe kokoto azipange, ndogo mpaka kubwa, mstari umenyooka kama uzi wa mwashi, na huku anaimba wimbo wake usio na maneno. Alipenda pia kunusa kitambaa changu cha kichwa. Ananikalia mgongoni, ananusa, ametulia tuli. Hapo utasema malaika kashuka.

Sasa ondoa kokoto moja. Au lori lije limwage mawe. Kibiriti anaziba masikio, analia, anagonga kichwa ukutani, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na mwenyewe. Ukimzuia anauma. Tena si kuuma kwa kitoto, meno yanakutana. Majirani walituimbia kila siku: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tukampiga. Kwa mkono, kwa kandambili, kwa mwiko. Ilikuwa kama kumwagia moto mafuta, na damu ikawa yake na yetu.

Shuleni alikaa siku chache. Mwalimu alimchapa kwa sababu hakusimama alipoambiwa asimame, Kibiriti akamtoboa mkono kwa penseli. Mwalimu mkuu akamwita Shoto. Hakuwa mtu mbaya. Alisema pale pale shuleni kuna darasa moja dogo, watoto wachache, walimu waliosomea watoto wa namna hiyo. "Lakini, mama, mlango wake unafunguliwa na cheti cha hospitali. Daktari aandike mtoto ana nini. Bila hicho sina ruhusa, na huku kwa wengine simrudishi."

Basi kazi ikawa cheti. Kumwacha nyumbani hatukuweza. Tulimfungia mara moja, akavunja kioo cha dirisha kwa kichwa. Ikabidi aje nasi machimboni, na machimboni kuna korongo, kuna malori, kuna baruti. Shoto akamfunga kamba kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye jiwe kubwa. Wapita njia walicheka, "Huyo mbuzi mnamuuza?" Shoto anaendelea kuponda.

Inafaa uijue kazi yetu. Unakaa chini, miguu umeitandaza. Mkono mmoja una nyundo. Mwingine una pete ya mpira wa tairi, unaivisha jiwe ili lisikurukie usoni. Jiwe likiteleza, nyundo inashuka kidoleni. Hilo lazima litokee. Na likitokea unakitia kidole mdomoni, unameza damu, unavisha jiwe lingine. Nyapara akisikia mtu analia anamwambia nenda nyumbani, kazi imekushinda. Kwa hiyo hatukulia. Mwishowe ikawa fahari yetu wenyewe. Aliyelia tulimwita Bi Harusi mpaka anazeeka. Jicho langu la kulia lilipasuliwa na kibanzi cha jiwe, nami nikamaliza karai langu ndipo nikainuka. Ukimuuliza mponda kokoto, "Umeumia?" atakwambia, "Hapana." Hata kama mfupa uko nje.

Na watu wa namna hiyo ndio tuliokwenda kwa daktari.

Siku ile Shoto alivaa gauni la mikono mirefu, la kutokea, akafunga kilemba mpaka chini ya masikio kuficha pale Kibiriti alipomng'oa kipande cha ndewe. Mimi nilivaa viatu. Daktari wa watoto alikuwa binti mdogo, mpole, ana miwani. Ofisini kwake kulikuwa na panga boi linazunguka darini. Kibiriti alipoliona, alilala chali sakafuni, akalitazama, akaanza wimbo wake. Hakuwa na habari na sisi tena.

"Mtoto ana shida gani, mama?"

"Hana shida."

Daktari akatabasamu. "Umemleta kwa nini, basi?"

"Shule wanataka cheti."

"Anacheza vizuri na wenzake?"

"Vizuri." Wenzake gani? Watoto wa mtaani kwetu wakimwona wanapanda ukuta.

"Analala?"

"Analala."

"Anapiga watu? Anauma? Anajiumiza?"

"Hapana. Ni mtoto mzuri."

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Mbele ya mwewe kuku hamsengenyi kifaranga wake. Huyu daktari tulimjulia wapi, tumwage mbele yake aibu ya nyumba?

Daktari akashuka sakafuni, akapapasa kichwa cha mtoto. "Hii nundu?"

"Alianguka."

"Na hii ya zamani?"

"Alianguka."

Akamfunua fulana. "Na hizi alama za kiunoni? Hizi ni za kamba, mama."

Shoto akamshusha mtoto fulana. Mponda kokoto akiishiwa na "hapana," hana neno lingine.

Daktari akaita mtu wa ustawi wa jamii, bwana mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Akatazama nundu, akatazama alama za kamba, akamtazama Shoto na ile mikono yake iliyochanika, akaona amemaliza hesabu. "Sikiliza, mama. Nikiona jeraha jipya kwenye mwili wa mtoto huyu, namchukua. Anakwenda kwenye makao ya watoto, na wewe unakwenda polisi kueleza." Cheti hakuna. Daktari alisema kwa maelezo yetu haoni ugonjwa wowote, anaona mtoto anayepigwa.

Njiani nikamwambia Shoto, "Umejibu vizuri. Umetunza heshima."

"Cheti hatujapata, mama."

"Heshima tumeipata."

"Haya," akasema, "basi kesho heshima ikae naye machimboni, mimi niponde."

Nikanyamaza. Si kwamba nilishindwa. Jua lilikuwa kali.

Kesho yake, na siku zilizofuata, kamba ikarudi. Sasa Shoto aliizungushia matambara isiache alama. Ndilo lililotuponza. Matambara yalilegeza fundo, na Kibiriti alikuwa mwembamba kama ufito.

Siku moja wapasuaji walitega baruti kwenye ukuta wa mwamba. Kabla ya kulipua hupigwa king'ora, kila mtu akimbilie nyuma ya banda la zege. King'ora kikalia. Kibiriti akawaka. Akaziba masikio, akatoka ndani ya kamba kama samaki anavyoponyoka mkononi, akakimbia. Angekimbilia popote, lakini alikimbilia kulekule ukutani, kwenye baruti. Wanaume walipiga kelele. Hakuna aliyekwenda.

Shoto alikwenda. Sijapata kumwona mwanamke akikimbia vile juu ya mawe makali. Alimfikia, akamwangusha, akamlalia. Ukuta ukapasuka.

Mlio huo huusikii kwa masikio, unaupata kifuani. Vumbi likafunika kila kitu. Halafu mawe yakaanza kuteremka kutoka juu, makubwa kwa madogo, yanapiga ardhi pu, pu, na moja lilipiga kitu kisichokuwa ardhi. Nililisikia.

Tulipofika, bega la kushoto la Shoto lilikuwa limekaa mahali pasipo pake, mkono unaning'inia kama wa gauni lililoanikwa. Chini yake Kibiriti yu mzima, ila amepotewa na dunia kwa hofu, na meno yake ameyazamisha kwenye mkono wa kulia wa mama yake, juu kidogo ya kiwiko, hayaachii. Damu ilimjaa mdomoni. Shoto alikuwa ametumbua macho, jasho linamtoka, kimya. Kimya kabisa! Nilijivunia, kisha nikaogopa.

Nyapara akaja mbio, ameshika mpini wa sururu. "Huyu mnyama atanifungia machimbo!" Akampiga Kibiriti mgongoni kwa mpini. Mara ya kwanza mtoto aliachia meno. Akainua mara ya pili.

Nyundo yangu ilikuwa mkononi. Mimi ni mzee, kichwa chake sikukifikia. Nilikifikia goti. Lilitoa sauti ninayoijua, ya kokoto nzuri ikipasuka katikati. Nyapara akalia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Bi Harusi," nikamwambia.

Kazi yangu iliishia hapo, na sikuirudia.

Wanawake walimpakia Shoto kwenye toroli, wakamsukuma mpaka hospitali ileile. Wakamrudisha bega mahali pake, wakaufunga ule mkono wa kushoto kifuani. Wakamshona na ule wa kulia pale palipoumwa. Aliyempelekea daktari wa watoto habari zetu sijui nani, lakini tulipotoka chumba cha kushonea tulimkuta anatungoja na yule bwana wa funguo. Wakatuingiza ofisini, panga boi lilelile. Safari hii Kibiriti hakulitazama. Alikuwa anatetemeka pembeni ya kabati, na mgongoni ana mchirizi wa mpini, umevimba, mwekundu.

"Nilikwambia nini?" bwana wa funguo akasema. "Jeraha jipya hilo hapo."

Daktari akaushika taratibu mkono wa kulia wa Shoto, uliofungwa bendeji. "Mama, nani amekuuma?"

"Nimeanguka."

"Umeanguka juu ya meno?"

Shoto akainamisha kichwa. Bwana wa funguo hakungoja. Akamshika Kibiriti mkono, akamvuta kuelekea mlangoni. Mtoto akapiga ukelele, wa kupasua kioo. Nikamwona Shoto anasimama. Nikajua sasa yule bwana meno yake hana. Lakini mkono wenyewe ulikuwa umefungwa kifuani na fundo la hospitali. Ulijaribu kutoka, nikaona kitambaa kinavutika, ukashindwa. Mkwe wangu alibakiwa na mdomo tu, na mdomo wake hakuwahi kuutumia kwa kazi nzito.

"Ananiuma!" akasema.

Kila mtu akasimama.

"Ananiuma kila siku. Simpigi, siku hizi simpigi tena, anajipiga mwenyewe. Anagonga kichwa ukutani mpaka anazimia. Hajui kucheza na mtu. Hajawahi kuniita mama. Kamba nilimfunga mimi, ndiyo, nilimfunga mimi, na leo imefunguka akakimbilia baruti. Nimechoka. Inauma. Inauma!" Na pale akalia kwa sauti, mdomo wazi, makamasi yanamtoka, kama mtoto mdogo.

Nikaona aibu. Nikamvuta gauni. "Mwanangu, mbele ya watu?"

"Mficha uchi hazai, mama," akaniambia. "Mimi nimezaa."

Akashika ukosi wa gauni kwa mkono ule wa kulia wenye nyuzi mpya, akaupasua. Vifungo vikaruka. Akawaonyesha mabega, kifua, mbavu: makovu ya duara, ya zamani meupe, ya juzi meusi, mengine juu ya mengine, kama jiwe lililopigwa patasi. Daktari akavua miwani.

Haya. Mimi si mtu wa kushindwa na mkwe. Nikapandisha gauni mpaka pajani, nikawaonyesha ya kwangu.

Bwana wa funguo bado alikuwa amemshika mtoto, ameduwaa, na hapo ndipo Kibiriti akamng'ata kiganja. Yule bwana akamwachia kwa kishindo. Kibiriti akaanguka chini, akaanza kugonga paji la uso kwenye mguu wa meza ya chuma. Ko, ko. Damu ikatoka. Bwana akataka kumkamata tena. "Usimguse!" Shoto akasema. Akalala sakafuni na bega lake bovu, akamlalia mtoto nusu mwili, uzito wote, shavu lake akaliweka kati ya kichwa na chuma, mtoto akawa anagonga shavu la mama yake. Aligonga na kugonga. Mimi nikavua kitambaa changu, nikamwekea puani.

Daktari akanyanyuka akazima panga boi, akazima na taa, iliyokuwa ikinung'unika juu yetu bila sisi kuisikia. Chumba kikawa nusu giza. Kibiriti akagonga mara nyingine, polepole, kisha akaacha. Akabaki anahema na kunusa.

Bwana wa funguo amejishika kiganja, damu inamchuruzika kwenye mkono wa shati. "Hivi ndivyo mnavyoishi?"

"Leo ametulia, bwana," nikamjibu.

Daktari alikaa chini sakafuni pamoja nasi, akauliza maswali yote upya, na mengine mapya. Tangu lini? Alianza lini kusema, aliacha lini? Anapanga nini? Kelele zipi? Chakula gani anakataa? Shoto alijibu. Aliyejibu neno mojamoja miaka yote alijibu mpaka daktari akaomba apumzike aandike. Mimi nikasahihisha palipokosewa.

Kisha akatuambia hali ya mtoto ina jina. Usonji. Nililitafuna neno hilo. Akasema mtoto kazaliwa na ubongo unaopokea dunia kwa namna nyingine. King'ora kwetu ni kelele, kwake ni kama jivu la moto masikioni. Anauma kwa sababu anaungua na hana maneno ya kusema naungua. Si kiburi, si malezi mabaya, na fimbo haitibu.

"Tulimpiga sana," Shoto akasema.

"Sasa mmejua," daktari akasema.

Mimi nikamuuliza, "Dawa yake?"

"Hakuna dawa ya kuuondoa, bibi. Kuna kumfundisha, na kufundishwa ninyi namna ya kukaa naye. Lile darasa ndilo linalofanya hivyo."

"Basi andika."

"Siandiki leo. Nilikosea mara ya kwanza kwa haraka, sikosei ya pili." Akatupangia siku nyingine, na nyingine, akamwita mwenzake wa mambo ya kusema, wakamchunguza Kibiriti katika chumba kisicho na panga boi. Tulikwenda zote. Shoto akiwa na mkono kifuani, mimi nikimbeba mtoto mgongoni. Siku cheti kilipotoka, kilikuwa karatasi moja tu yenye muhuri wa samawati. Nilitarajia kitu kinene zaidi, kwa damu iliyokwenda.

Tukampeleka shule asubuhi. Darasa lenyewe lilikuwa mwisho wa jengo, lina mazulia na madirisha yenye mapazia. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono ya mfua nguo. Shoto akamweleza mlangoni, bila kuulizwa, "Anauma. Anapiga. Akisikia lori anajigonga." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei. Mimi niligeuka nikatazama uwanjani. Bado naona mengine yangengoja mpaka mtu azoeane naye.

Mwalimu akamnyooshea Kibiriti mkono. Kibiriti akampiga kichwa cha mdomo. Tulisikia meno yakigongana. Mdomo wa juu ukapasuka, damu ikashuka kidevuni mpaka kwenye blauzi.

Shoto akamfungulia mikono mtoto wake amchukue, tayari kurudi. Nami nilikwisha kugeuka, maana nilijua neno linalofuata, tumelisikia kila mahali.

Mwalimu akatema damu kwenye leso. "Ana nguvu huyu," akasema. "Nendeni. Mje kumchukua mchana."

"Na mdomo wako?" Shoto akauliza.

"Mdomo ni wangu. Nendeni, mama."

Akafunga mlango. Hatukuenda. Tulisimama nyuma ya ukuta, chini ya dirisha, Shoto na mimi. Ndani Kibiriti alipiga kelele zile zake zote, kitu kikaanguka, kingine kikavunjika. Shoto aliniminya mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

Halafu kelele zikapungua. Halafu zikawa hakuna. Ule ukimya wa ndani ulituogopesha kuliko kelele, tukatazamana, na Shoto akapanda juu ya tofali achungulie.

"Yuko wapi?" nikanong'ona. "Anafanya nini?"

"Ngoja, mama."

"Nakuuliza, anafanya nini?"

"Amelala chini. Mwalimu amelala chini pembeni yake. Hawafanyi kitu."

"Hawafanyi kitu?"

"Hawafanyi kitu, mama."

Nikamwambia ashuke, nami nipande nione.